Daftari Moja

Niliajiriwa kwa Kifaransa.
Ndivyo barua ilivyosema, na muhuri wake ulikuwa bado unanukia wino.
Lakini Jumatatu, kabla kengele haijagongwa,
Prefe Bashizi alinivuta kando ya tangi la maji:
"Mama Nsimire, yule wa biolojia kavuka mpaka, harudi.
Wa jiografia anaumwa. Historia, unajua mwenyewe, ni hadithi tu.
Na hesabu za mwaka wa kwanza, mama,
utatushikia mpaka tupate mtu."
Akanikabidhi chaki moja na nusu.

Mshika mawili, wanasema, moja humponyoka.
Mimi nimeshikishwa matano
na viganja vina jasho.

Tunakaa Kadutu, ambako nyumba zinakanyagana mabegani
na mlango wa jirani unafungukia juu ya paa lako.
Usiku nasoma kwa tochi ya simu,
mdogo wangu Nabintu ananuna chini ya shuka.
Pesa ya madaftari matano sikuwa nayo. Nilinunua moja.
Kifaransa nikakianzia mbele.
Biolojia nikaigeuza, ikaanzia nyuma, kichwa chini.
Historia nikaipachika katikati, penye pini,
hesabu pembezoni, kwa penseli,
na jiografia popote palipobaki nafasi,
kama mgeni anayelala sebuleni.

Jumanne nilifundisha moyo.
Nikauchora ubaoni, nikauchora vibaya;
Zihalirwa wa dawati la mwisho akauliza kama ni kiazi.
Wakacheka. Mimi nikacheka nimechelewa.
Saa iliyofuata, darasa jingine, nikaanza kwa sauti kubwa:
"Damu hutoka Berlini…"
na mabinti wawili wa mbele, wenye adabu kupita kiasi,
wakaiandika.

Jumatano mvua.
Bati likapiga kelele hadi sauti yangu ikazama kooni.
Nikaandika tu: x + 7 = 12.
Nikageuka.
Darasa zima mikono juu, vidole vitano vitano,
kimya kabisa ndani ya ule mshindo.
Niliomba mvua isikatike.

Alhamisi, Ruzizi.
Unatoka ziwani hapa hapa Bukavu, nikawaambia, unashuka kusini,
na njiani unazungusha turubaini.
Ntakwinja, ambaye tangu nifike sijamsikia hata akikohoa, akasimama.
"Mwalimu, mto ni wa hapa. Mashine ziko hapa.
Mbona kwetu tunasomea mshumaa?"

Nikafungua daftari.
Ukurasa wa mito ulijua urefu, ulijua mwelekeo.
Historia ilikuwa na tarehe nyingi na hakuna hata moja iliyomtazama.
Hesabu ilitaka kwanza kujua idadi ya nguzo.
Kifaransa kina neno lake, delestaji,
neno laini, kama jina la manukato.
Nikalifunga.
"Sijui," nikasema,
na neno hilo, nililoliogopa kuliko ukaguzi,
lilitoka jepesi, bila kigugumizi.
Akaketi. Hakuridhika, wala hakukasirika;
aliketi kama mtu aliyetua mzigo
mahali atakaporudi kuuchukua.

Leo Ijumaa, usiku. Umeme hakuna.
Biolojia, iliyokuwa ikija kutoka nyuma,
imefika katikati na kugongana na historia:
huku mabwana wa elfu moja mia nane themanini na tano
wameinamia ramani,
huku chura, miguu juu,
na vyumba vyake vitatu vya moyo.
Kati yao pamebaki upana wa kidole, peupe.
Nimeliandika hapo swali la Ntakwinja,
kwa ubavu, ili nikitaka kulisoma
nilazimike kugeuza daftari lote.

"Dada, zima," anasema Nabintu.
Nazima.
Kesho kuna mtihani wa vitenzi, na chaki imebaki ukucha.